Kopo la Rangi Lililogeuka Kipimo

Ukiingia soko la Tandika jijini Dar es Salaam asubuhi, au Temeke Stereo, au ukavuka jiji ukafika Tandale kunakouzwa nafaka, utakuta kitu ambacho macho yetu yamekizoea mno hata hayakioni. Maharage yamerundikwa juu ya turubai, na juu ya rundo limekaa kopo. Kopo hilo ni la rangi ya ukuta, la lita 4, na rangi yake ilikwisha kupakwa kwenye nyumba ya mtu zamani. Sasa linaitwa kisado, wengine husema sado, na ndilo linaloamua mama wa Mtoni au wa Mwananyamala atapika nini wiki nzima. Pembeni yake ipo ndoo ya plastiki ya lita 20, nayo ilitoka kiwandani ikiwa na rangi au mafuta ya kupikia, na siku hizi watu wanaiita debe, ingawa debe lenyewe, lile la bati la pembe nne, limekuwa adimu. Mizani nayo ipo mjini; utaiona buchani na kwenye duka la mtaani. Lakini kwa nafaka, viazi, nyanya, dagaa na mkaa, anayetawala ni kopo. Watu wengi waliosoma wakiliona hilo hutikisa kichwa, wakasema hatujaendelea. Mimi leo nataka kutetea kopo. Nasema huu ni mfumo kamili wa vipimo, una historia na una mantiki, na kwenye rejareja unamlinda mwenye fedha kidogo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na debe, maana ndilo mkubwa wa ukoo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, mafuta ya taa yalisafirishwa duniani ndani ya madebe ya bati, mawili mawili kwenye sanduku la mbao. Debe moja lilichukua galoni 5 za Kimarekani, au galoni 4 za Kiingereza. Tofauti yake ni ndogo, na kwa vyovyote ni lita 18 na kitu. Kampuni ya Standard Oil ya Marekani ilitapakaza madebe yake Asia yote, yakiwa ya rangi ya buluu. Mwaka 1892 mfanyabiashara wa London aitwaye Marcus Samuel, ambaye baadaye alianzisha Shell, akapata njia ya kuwapiku. Alipitisha meli yake iitwayo Murex kwenye mfereji wa Suez, mafuta yakiwa yamemwagwa moja kwa moja ndani ya matangi ya meli, bila debe hata moja. Gharama ikashuka. Alitegemea kwamba watu watakuja na vyombo vyao wajaziwe. Hawakuja. Wateja wa Mashariki walikuwa wananunua mafuta na debe kwa pamoja, na kwa wengi debe lilikuwa na thamani ya kudumu kuliko mafuta yanayowaka yakaisha: lilikunjuliwa likaezeka paa, likakatwa likawa kikombe, taa, karai. Ikabidi Samuel atengeneze madebe yake mwenyewe, akayapaka rangi nyekundu, ndipo biashara ikasimama. Tukio hilo linanifurahisha kila ninapolifikiria, kwa sababu linaonyesha kwamba tajiri wa London alilazimika kusikiliza hesabu ya mama wa nyumbani. Nasi pwani yetu hii tulilipokea debe kwa akili ileile: likachota maji, likaezeka mabanda, likatengeneza koroboi, na mwisho likakaa sokoni likapima mahindi.

Kisado kimekuja baadaye, na asili yake iko kwenye jina lake. Kimetokana na Sadolin, rangi ya nyumba ambayo makopo yake yalienea Afrika Mashariki. Mwenye jina ni Mdenmaki, Gunnar Asgeir Sadolin, aliyeanzisha kampuni yake ya rangi mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna shaka kwamba bwana huyo hakuwahi kufikiria kuwa siku moja mtu atasimama Mbagala Rangi Tatu aseme, nipe sado mbili za viazi. Wenzetu wa Kenya wana gorogoro, kopo la kilo 2 hivi la mafuta ya kupikia, na bei ya unga wa mahindi katika mitaa ya Nairobi hutajwa kwa gorogoro hata kwenye taarifa za habari. Mtindo ni mmoja. Kiwanda hutupa sokoni chombo kilichobeba kitu kingine, kitu kile kikaisha, chombo kikabaki kikapata kazi ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

Hapa sasa ndipo penye jambo ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Makopo ni mengi. Yapo ya maziwa, ya siagi, ya nyanya, ya biskuti, ya dawa ya kuulia wadudu. Kwa nini yakashinda haya mawili, la lita 4 na la lita 18 hadi 20? Tazama vipimo vya pwani kabla ya makopo. Wazee walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi ya nafaka ilikuwa na uzito wa ratili kama 6, kilo 2 na nusu na ushei. Mizigo mikubwa, kama karafuu na pembe za ndovu za Unguja, ilihesabiwa kwa frasila, ratili 35 hivi, yaani kilo 16. Sasa chukua kisado ukijaze mahindi: kilo 3 hivi. Chukua debe la bati ulijaze mchele: kilo 14 au 15, na ukiweka mlima juu unaikaribia 16. Kisado kimekaa jirani na kiti cha pishi, na debe limekaa jirani na kiti cha frasila. Sisemi kwamba kuna kikao kilichofanyika kuamua. Nasema hivi: mnunuzi aliyezoea kiasi fulani cha chakula kwa watu wa nyumba yake atakikubali haraka chombo kinachokaribia kiasi hicho, na atakikataa kinachomvurugia hesabu. Kati ya makopo yote yaliyopita, yakadumu yaliyofanana na kile ambacho mikono ilikuwa inakijua tayari. Na pishi yenyewe haijafa. Kila mwisho wa Ramadhani, Waislamu wa Temeke na wa Kinondoni wanatoa zaka ya fitri, na kiwango chake ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa. Kiwango hicho ni cha ujazo tangu asili yake, ndiyo maana masheikh wanapokigeuza kuwa kilo utasikia mmoja akisema 2 na nusu, mwingine akikaribia 3. Mchele, ngano na tende havina uzito sawa ndani ya chombo kimoja. Ibada hiyo haijawahi kuhitaji mizani, na wanaoitoa kwa kupima wala hawaoni kasoro.

Nikiulizwa uzuri wa kopo uko wapi, jibu langu la kwanza ni kwamba limetoka kiwandani. Watu hulidharau kwa sababu ni taka, kumbe hilo ndilo linalolipa heshima. Mashine iliyofyatua kopo moja imefyatua mengine elfu na elfu, yote kimo kimoja, mdomo mmoja, ujazo mmoja. Hakuna mfinyanzi wala mchonga kibaba wa zamani aliyeweza kutoa vyombo viwili vinavyolingana kiasi hicho. Jibu la pili ni zito zaidi. Mizani ni mali ya muuzaji peke yake: uso wake mara nyingi umemwelekea yeye, imesetiwa na yeye, na mnunuzi hana nyingine ya kuilinganisha nayo. Ndoo ya lita 20 ipo kwenye kila nyumba ya Yombo na Tandale, inachota maji kila alfajiri. Aliyenunua debe la mahindi anaweza kufika nyumbani akalimimina kwenye ndoo yake mwenyewe, akajua pale pale kama ameibiwa, bila kusoma namba, bila betri, bila kumwita afisa. Kipimo ambacho pande zote mbili zinacho ni kipimo cha haki kuliko kile ambacho upande mmoja unakificha chini ya meza.

Chukua mkaa, ambao majiko mengi ya jiji hili bado yanautegemea. Ungeuzwa kwa kilo, njia rahisi ya kuibia ingekuwa kuunyeshea maji. Gunia lililolala nje usiku wa mvua linaongezeka uzito, ila halijai zaidi ya lilivyojaa jana. Kwa kopo, maji hayamsaidii muuzaji chochote. Mnunuzi anatazama tu kama ni vipande au ni chenga. Mahindi ambayo hayajakauka vizuri nayo huongezeka uzito, na dagaa walioshika unyevu wa pwani vilevile. Mama anayepika naye hahesabu gramu. Anajua vikombe vingapi vya mchele vinajaza sufuria yake. Kisado kinazungumza naye kwa vikombe, na kilo inamlazimu atafsiri.

Najua utaniambia: na wizi je? Hili tulikabili kwa karibu. Mtazame mchuuzi hodari anavyojaza kisado cha maharage. Anachota kwa sahani, anamwaga taratibu pembeni ya kopo ili punje zilale ovyo na kuacha mianya. Hapigi kopo chini. Mnunuzi anayejua mambo ndiye atakayelitikisa, na punje zikishuka kwa upana wa kidole, atasema, haya jazia hapo. Juu anaweka mlima mpaka punje zinaanza kuporomoka, na baada ya kumimina kwenye mfuko anatupia kiganja kimoja cha nyongeza. Kwa nyanya ufundi ni mwingine: kubwa zinapangwa chini zikipishana, pengo linakuwa kubwa kuliko nyanya. Kisha wapo wanaobonyeza kitako cha kopo kiingie ndani, wanaokata ukingo wa juu, wanaoweka kitako cha pili juu ya cha kwanza. Haya yote yapo na sitayatetea. Lakini angalia yanafanyikia wapi: hadharani, kwenye kitu kinachoonekana na kushikwa. Kopo lililobonyea linaonekana limebonyea. Mnunuzi analigeuza chini juu, anaingiza mkono, anakataa, anahamia meza ya pili ambako kopo ni zima. Mizani iliyochezewa haionyeshi jeraha. Ndiyo sababu maofisa wa Wakala wa Vipimo, ulioundwa na serikali mwaka 2002, wanazunguka kukagua mizani na kuzibandika stika za uhakiki. Ingekuwa mizani haidanganyi, kazi hiyo isingekuwepo. Kwa hiyo hoja ya wizi haitoshi kuliangusha kopo. Inatudai tuulize ni wizi upi ambao mtu wa kawaida ana uwezo wa kuukamata kwa macho yake.

Kuna hoja nyingine iliyo nzito kuliko hiyo, nayo ni ya mkulima. Huko shambani kipimo cha ujazo kimemuumiza, na jina la maumivu hayo ni rumbesa. Mchuuzi wa jumla anafika na gunia lake, analijaza mpaka mdomoni, kisha juu yake anashonea kilemba cha kamba au cha gunia jingine, viazi au vitunguu vinaendelea kupanda, na bado mzigo unahesabiwa gunia moja na kulipwa bei ya gunia moja. Sheria inakataza mzigo wa mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepiga kelele miaka nenda miaka rudi. Hapa nakubali bila kusita: kwa mkulima, mizani ishinde. Lakini wanaotumia rumbesa kama ushahidi dhidi ya kisado wanachanganya mambo mawili. Rumbesa ni dhuluma kwa sababu chombo ni cha mwenye nguvu. Gunia amekuja nalo mnunuzi, ameliongezea kilemba yeye, na mkulima mwenye mazao yanayooza hana pa kuhamia. Dhuluma ya namna hiyo ni ya kale. Ufaransa kabla ya mapinduzi ya 1789, wakulima walilalamika kwamba mabwana wao walikuwa na vipimo vikubwa vya kupokelea kodi ya nafaka, na ugomvi wa kama kipimo kijazwe kwa mlima au kipigwe msawazo ulikuwa mkali katika nchi nyingi za Ulaya. Mita na kilo zilizozaliwa Ufaransa baada ya hapo zilikuwa jibu la kilio cha watu hao. Ukiyaweka pamoja na ya kwetu, kanuni inajitokeza: ujazo unakuwa haki pale chombo kinapokuwa cha wote, na unakuwa unyang'anyi pale kinapokuwa cha mmoja. Kopo la rangi pale Tandika ni la wote. Gunia lenye kilemba si la wote.

Wachumi nao watasema kwamba kununua kidogo kidogo ni ghali. Ni kweli. Tazama maji. Uniti moja ya bili ya maji ni lita 1,000, ambazo ni madumu 50 ya lita 20. Muuza maji wa mkokoteni akiuza dumu kwa shilingi 100, mnunuzi wake analipa shilingi 5,000 kwa uniti, na akiuza 300, ni 15,000. Hesabu hiyo inauma, na ningependa kila mtu aifanye. Lakini kosa hilo si la dumu. Dumu ndilo linalotuwezesha kuiona hesabu yenyewe, kwa sababu ujazo wake unajulikana. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na akiambiwa aje na fedha za gunia zima, atalala njaa akingoja kuzipata. Fungu, kikombe, robo, kisado, ndoo, gunia: hizo ni ngazi, na kila mmoja anasimama pale mfuko wake unapofika. Mizani ya kilo inaweza kushuka mpaka robo, nami sibishi. Ila ni kisado kilichoifuata fedha ya watu tangu chini, bila kungoja kiruhusiwe na mtu.

Kitu kimoja tu kuhusu makopo haya kinanitia wasiwasi wa kweli, na sijasikia kikijadiliwa. Debe la bati lilikuwa lita 18 na kitu. Ndoo ya plastiki iliyolirithi ni lita 20. Maana yake ni kwamba kipimo kinachoitwa debe kimekua hadi kufikia karibu sehemu moja ya kumi, na jina limebaki lilelile. Sijui sheria iliyopitishwa wala tangazo lililotolewa. Kiwanda kilibadili chombo, na soko zima likabadilika nacho. Kwa mnunuzi wa mwisho huenda ilikuwa faida. Kwa mkulima aliyekuwa akiuza kwa debe na bei haikupanda, sehemu ya jasho lake iliondoka bila mtu kumwibia kwa makusudi. Na kinachokua kinaweza pia kupungua. Watengenezaji wa bidhaa duniani kote wanajua kupunguza kopo badala ya kupandisha bei. Siku makopo ya rangi yakitoka yakiwa ya lita 3 na nusu, kisado kitapungua kwa sehemu moja ya nane, na mama wa Mwananyamala atagundua kwenye sufuria. Uzuri wa kopo, kwamba linatoka kiwandani, ndio huohuo udhaifu wake: aliyelitengeneza hajui kwamba ametengeneza kipimo, wala hawajibiki kwalo.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka makopo yafukuzwe sokoni, wala na wanaosema yaachwe yalivyo. Wakala wa Vipimo tayari una utaalamu wa kuhakiki ujazo. Pampu za vituo vya mafuta zinahakikiwa kwa lita, na lita si kilo. Kinachobaki ni kukubali kwamba kisado na ndoo navyo ni vipimo, vikapewa ujazo unaotambulika, lita 4 na lita 20, na mstari wa kujazia. Atasema mtu kwamba kufanya hivyo ni kuhalalisha ushamba. Lakini watu wameshavihalalisha wenyewe kwa matumizi ya miaka mingi, na sheria isiyovitambua inawaacha wanunuzi wa vyakula hivi bila pa kushtakia. Kwa kuanzia masoko mawili yangetosha, Tandale kwa nafaka na Temeke Stereo kwa nyanya na viazi: kisado kimoja na ndoo moja vyenye muhuri, vimefungwa kwa mnyororo langoni, na yeyote anayetoka na mfuko wake aruhusiwe kumimina alichonunua akipime upya kabla hajapanda daladala.